Moyo Wangu Uliruka, Nikamficha Mume Wangu

Moyo kudunda kwa sababu ya mapenzi ni jambo la kawaida, nyimbo zimejaa hayo. Leo nakuletea mdundo wa aina nyingine kabisa.

Mimi nafundisha sekondari huku Haneti, wilaya ya Chamwino. Mume wangu kazi yake iko Dodoma mjini, kwa hiyo ndoa yetu ni ya wikiendi, si unajua tena. Usiku mmoja nilikuwa nasahihisha mitihani. Nilishakunywa vikombe viwili vya kahawa na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu, na huo ulikuwa usiku wa tatu silali vizuri. Ghafla nikasikia kitu kifuani kama samaki amejipindua. Du, du... kimya... DUU! Baada ya dakika chache kikarudia.

Nikajua ndiyo nakufa hivyo, na mlango nimeufunga kwa ndani.

Asubuhi nikaamka mzima. Jirani yangu, mama mtu mzima ninayemheshimu sana, akaniambia, "Mwanangu, hiyo ni presha, chemsha mlonge unywe." Mwalimu mwenzangu akasema nimetupiwa kitu. Na mume wangu je? Sikumwambia neno. Tulikuwa tumepanga kutafuta mtoto, nikaogopa ataniona mgonjwa. Wiki tatu nzima simu zake za usiku nikawa sipokei, nimelala chali nasikiliza moyo. Mwenzangu naye akajumlisha yake, akapata jibu moja tu: kuna mwanaume.

Jumamosi moja akaniuliza, sauti iko chini, "Ni nani huyo?" Nikaangua kilio. Badala ya kujibu, nikauchukua mkono wake nikauweka kifuani. Tukakaa kimya muda mrefu. Moyo ukaruka. Akashtuka, akasema, "Nimeusikia."

Kumbe ni nini?

Jumatatu tulikwenda wote kituo cha afya. Tabibu alinishika mkono akahesabu mapigo, akapima presha, ikawa nzuri tu. Akatuandikia twende mjini kupima umeme wa moyo, kile kipimo kinachoitwa ECG. Unalala kitandani, unabandikwa nyaya, hakiumi hata kidogo.

Daktari alitueleza hivi. Moyo wa mtu mzima akiwa ametulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, yaani kama mara 100,000 kwa siku. Kuna sehemu ndogo juu ya moyo inayotoa amri ya umeme, kama kondakta anayegonga bodi la basi ili gari liondoke. Sasa wakati mwingine sehemu nyingine ya moyo inajigongea yenyewe kabla ya zamu. Hilo ndilo pigo la ziada. Baada ya hapo moyo unatulia kidogo, unajaa damu zaidi ya kawaida, na pigo linalofuata linakuwa kubwa. Kile kishindo kilichonitisha kilikuwa moyo unarudi kwenye mstari!

Watu wengi wenye moyo mzima wanayo, na wengi wala hawayasikii. Yanachochewa na kukosa usingizi, mawazo, sigara, pombe, mirungi, vinywaji vya kuongeza nguvu, na kwa wengine kahawa. Homa, upungufu wa damu, tezi ya shingo kufanya kazi kupita kiasi, madini ya potasiamu kupungua mwilini, hata baadhi ya dawa za pumu na mafua, navyo vimo. Ndiyo maana daktari anaweza kuagiza upime na damu.

Usichukulie poa

Mume wangu hakuridhika haraka. Yeye ni mtu wa mpira, na hajamsahau Marc-Vivien Foé wa Kamerun, aliyeanguka uwanjani Lyon, Ufaransa, tarehe 26 Juni 2003 wakicheza na Kolombia. Alikuwa na miaka 28, akafariki. Uchunguzi ulionyesha alikuwa na ugonjwa wa kurithi wa msuli wa moyo kuwa mnene. Akauliza, "Dokta, tutajuaje kwamba huyu si kama yule?"

Daktari akasema swali ni zuri, na jibu ni kuangalia kinachoambatana na hayo mapigo. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje mwisho wa mwezi, kama moyo unaruka halafu:

- unazimia au unakaribia kuzimia;
- kifua kinauma au kinabana;
- pumzi inakata;
- moyo unakwenda mbio na hautulii;
- yanakuja ukiwa katikati ya mazoezi au kazi nzito.

Panga kumwona daktari mapema kama una ugonjwa wa moyo au presha, kama utotoni uliambiwa milango ya moyo imeathirika baada ya mafindofindo, au kama kwenye ukoo kuna mtu aliyefariki ghafla akiwa kijana. Mjamzito au aliyejifungua karibuni, akikosa pumzi na kuvimba miguu, asiambiwe ni uchovu. Aende.

Mapigo yakiwa mengi kila siku, hata bila dalili, yanastahili kupimwa. Kuna altrasaundi ya moyo, na kuna mashine ndogo unayotembea nayo saa 24 ikihesabu kila pigo. Yakifika kama asilimia 10 ya mapigo yote kwa siku au zaidi, daktari hufuatilia kwa karibu, kwa sababu kwa muda mrefu yanaweza kuuchosha moyo. Dawa zipo, na matibabu mengine yapo. Hapa Dodoma, Hospitali ya Benjamin Mkapa ina huduma za moyo, na Dar es Salaam kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete.

Kwa wapenzi wawili

Mimi moyo wangu ulionekana mzima. Niliambiwa nilale, nipunguze kahawa, yale makopo niachane nayo, na nirudi nikiona dalili mpya. Kuhusu mtoto, daktari alisema hakuna kizuizi.

Ila bwana, wiki zile tatu karibu zinigharimu ndoa. Mwenzio akinyamaza, usikimbilie kupekua simu, muulize anaumwa wapi. Na wewe unayeumwa, sema. Andika lini moyo uliruka, ulikuwa unafanya nini, ulikunywa nini, ukamwonyeshe daktari. Jifunzeni kuhesabu mapigo kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, dakika moja nzima. Ni kazi ya watu wawili na ina raha yake.

Siku hizi ukiruka nampigia simu hata saa sita usiku. "Umeruka." Yeye ananiuliza kwa utaratibu kama karani: "Kizunguzungu? Kifua? Pumzi?" Nikijibu hapana, hapana, hapana, ananiambia, "Haya, zima taa. Hiyo mitihani utasahihisha kesho."