Habari za Tarehe 27 Agosti

Wasikilizaji, na ninyi mtakaoyasoma maneno haya kitabuni, iko desturi katika magazeti na katika redio ya kuwakumbusha watu mambo yaliyotokea zamani katika tarehe ya leo. Mtu husikia: siku kama hii, mwaka fulani, mfalme fulani alizaliwa, siku kama hii mji fulani uliteketea, siku kama hii mwimbaji fulani alifariki. Husikia, hutikisa kichwa kwa mshangao, kisha huendelea na kazi yake. Desturi hii si mbaya, walakini yataka kutumiwa kwa akili, kwa maana yaweza kutufundisha, na yaweza vile vile kutupumbaza. Basi nimechagua tarehe moja, 27 Agosti, ili tuipekue pamoja, tuone mna nini ndani yake.

Tuanze mbali, upande wa pili wa Bahari ya Hindi. Kati ya visiwa vya Java na Sumatra palikuwa na kisiwa kidogo kiitwacho Krakatoa, nacho kilikuwa na mlima wa moto. Mwaka 1883 mlima ule ulianza kutoa moshi na majivu tangu mwezi wa Mei, watu wakauzoea, hata wengine wakaenda kwa marikebu kuutazama. Tarehe 26 Agosti ukachacha, na asubuhi ya tarehe 27, saa nne na dakika mbili kwa saa za huko, ukapasuka. Sehemu kubwa ya kisiwa ilitoweka ndani ya bahari. Mawimbi yaliyoinuka yalizidi urefu wa mita 30, yakaingia pwani za Java na Sumatra na kufagia vijiji. Waliokufa walikuwa zaidi ya 36,000, na wengi wao hawakuuawa na moto, bali na maji.

Mshindo wake ulisikika mahali ambapo akili hukataa kukubali. Katika kisiwa cha Rodrigues, upande wa mashariki wa Mauritius, umbali wa kilomita zipatazo 4,800, mkuu wa polisi aliandika kwamba umesikika mngurumo kama wa mizinga mikubwa ipigwayo mbali. Sauti ile ilikuwa imesafiri muda wa saa nne hivi kabla ya kumfikia. Vipimo vya uzito wa hewa katika miji mingi ya dunia vilitikisika, si mara moja tu, bali kila mara msukumo wa hewa ulipopita tena ukiizunguka dunia. Miezi mingi baadaye jua lilipotua mbingu zilikuwa nyekundu kupita kiasi, kwa sababu ya vumbi lililokuwa limeinuliwa juu sana.

Sasa mwanafunzi atauliza, haya yatuhusu nini sisi watu wa pwani ya Afrika? Na afungue ramani. Krakatoa iko karibu na nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Unguja nayo iko karibu na nyuzi 6 kusini ya Ikweta. Kati yao karibu pote ni maji, na mkondo wa bahari upande ule wa kusini huelekea magharibi, yaani huja kwetu. Mlima wa moto hutoa aina ya mawe yaliyojaa matundu kama sifongo, mepesi hata huelea majini. Mawe hayo yalikusanyika juu ya bahari kama mikeka mipana, yakachukuliwa na mkondo polepole, na katika mwaka wa 1884 yakafika kwenye fukwe za Afrika ya Mashariki. Imeandikwa ya kuwa huko Unguja mifupa ya watu ilionekana ufukweni pamoja na mawe hayo. Kwa hiyo msiba wa Krakatoa haukuwa habari ya simu tu. Ulifika mpaka mlangoni, ila ulichukua karibu mwaka mzima njiani.

Tuache sasa Java, twende Unguja yenyewe, miaka 13 baadaye, tarehe ile ile ya 27 Agosti.

Tangu mwaka 1890 Unguja ilikuwa chini ya himaya ya Uingereza. Sultani alikuwako, na bendera yake nyekundu ilikuwako, lakini Waingereza walijipa haki ya kusema nani atawale baada ya Sultani kufa. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafula. Jamaa yake Khalid bin Barghash, mwana wa yule Sultani Barghash aliyejenga Beit al-Ajaib, aliingia katika jumba la kifalme bila kungoja ruhusa ya mtu, akatangazwa kuwa Sultani. Balozi wa Uingereza aliyekuwa akishika zamu, Basil Cave, pamoja na Lloyd Mathews, Mwingereza aliyekuwa waziri mkuu wa serikali ya Sultani, walimwonya atoke. Hakutoka. Aliwakusanya watu wapatao 2,800 jumbani na kuzunguka jumba, wengine askari, wengine watumishi, watumwa na watu wa mji.

Bandarini zikakusanyika manowari tano za Kiingereza: Philomel, Thrush, Sparrow, Racoon, na St George aliyokuwamo Admirali Harry Rawson. Onyo la mwisho lilipelekwa: bendera ishushwe na jumba liachwe kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27, la sivyo mizinga itapigwa. Saa tatu ikapiga, bendera bado iko juu. Saa tatu na dakika mbili mizinga ikaanza. Majumba ya kifalme yalikuwa yamejengwa karibu na maji, na ndani yake mlikuwa na mbao nyingi. Moto ukashika mara. Jahazi la Sultani liitwalo Glasgow lilithubutu kuijibu St George, likazamishwa papo hapo bandarini. Kufika saa tatu na dakika 40 hivi mambo yalikuwa yamekwisha. Upande wa Khalid watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa, na wengi waliangamia kwa moto na kwa kuangukiwa na majengo. Upande wa Waingereza aliumia baharia mmoja, naye alipona.

Hapo najua wako watakaosema: tazama, siku moja, misiba miwili, bila shaka 27 Agosti ni siku ya nuksi. Na mtu wa kupenda ajabu ataongeza kwamba mlima ulipasuka dakika mbili baada ya saa kamili, na mizinga nayo ilianza dakika mbili baada ya saa kamili. Hayo ni kweli, lakini hayana maana yo yote. Dakika ile Krakatoa ilipopasuka, Unguja ilikuwa bado alfajiri, saa kumi na moja na nusu hivi, maana jua huwafikia watu wa Java kwanza. Na zaidi ya hayo, tarehe 27 Agosti ni hesabu ya kalenda moja tu. Wazee wa Unguja walihesabu kwa mwezi. Kwa hesabu yao Krakatoa ilipasuka katika Mfungo Mosi, mwaka 1300 wa Hijra, wakati watu wametoka kula Idi. Na mizinga ilipigwa katika Mfungo Sita, mwaka 1314, siku chache baada ya Maulidi. Kwao siku hizo mbili hazifanani hata mwezi. Iwapo nuksi ni ya siku, na atuambie mwenye nuksi yake ni siku ya kalenda gani.

Tarehe ni kama chango ukutani. Kanzu na koti vyatundikwa pamoja juu yake, wala kanzu haikuzaliwa na koti. Mwaka 1908, katika tarehe hii hii, walizaliwa wanaume wawili waliokuja kujulikana sana. Mmoja ni Donald Bradman wa Australia, ambaye wapenzi wa mchezo wa kriketi humhesabu kuwa mpigaji aliyewapita wote. Wa pili ni Lyndon Johnson wa Texas, aliyekuwa Rais wa Marekani tangu 1963 mpaka 1969. Nyota moja, tarehe moja, mwaka mmoja. Na maisha yao hayakuwa na jambo moja la kufanana, isipokuwa sifa.

Mengine nitayapitia kwa haraka. Mwaka 1859 Edwin Drake alikuwa akichimba kisima huko Titusville katika Pennsylvania, na tarehe 27 Agosti chuma chake kilifika kina cha mita 21 hivi. Kesho yake ndipo mafuta yalipoonekana yameinuka ndani ya bomba, hivyo ukumbusho wenyewe una mashaka ya siku moja. Lakini biashara kubwa ya mafuta ya Marekani huhesabiwa tangu kisima kile, na kila mtu aliyepata kusoma kwa mwanga wa kibatari ameguswa na biashara hiyo. Mwaka 1928 mataifa 15 yalitia sahihi mjini Paris mapatano ya kukataa vita visiwe njia ya kukata mashauri kati ya nchi na nchi. Miaka 11 baadaye, tarehe ile ile ya mwaka 1939, Wajerumani walirusha Heinkel He 178, ndege ya kwanza kusukumwa na injini ya jeti. Siku tano tu baadaye waliivamia Poland.

Na wapenzi wa nyimbo na sinema wana yao. Tarehe 27 Agosti 1964 sinema ya Mary Poppins ilionyeshwa kwa mara ya kwanza, huko Los Angeles. Mwaka uliofuata, siku hiyo hiyo, na katika mji ule ule, vijana wanne wa Kiingereza waitwao Beatles walikwenda nyumbani kwa Elvis Presley wakaonana naye. Miaka miwili kamili baada ya hapo, 1967, Brian Epstein, aliyekuwa msimamizi wa vijana hao, alikutwa amekufa nyumbani kwake London. Sitakaa hapo, kwa kuwa wako wanaoyajua hayo kuliko mimi.

Lakini liko tukio moja zaidi la tarehe hii ambalo sitaki kulipita. Katika mwaka 1951 bwana mmoja, Sir Hugh Beaver, mkuu wa kampuni ya pombe ya Guinness, alikwenda kuwinda ndege huko Ireland. Ukazuka ubishi: ndege yupi wa kuwindwa aliye mwepesi kuliko wote wa Ulaya? Hakikupatikana kitabu cha kuukata ubishi ule. Akawaza kwamba kila usiku katika vilabu vya pombe watu hubishana hivyo hivyo. Basi ndugu wawili pacha, Norris na Ross McWhirter, wakapewa kazi ya kukusanya mambo yaliyopita yote: kirefu kuliko vyote, kizito kuliko vyote, kifupi kuliko vyote. Nakala ya kwanza ya kitabu chao ilikuwa tayari tarehe 27 Agosti 1955.

Na katika orodha za namna hiyo ndimo vita vya Unguja vilimopatia umaarufu: vita vifupi kuliko vyote katika historia. Mtu asiyejua Unguja iko wapi anajua dakika 38, ingawa wengine huhesabu 40 na wengine 45. Huitaja kama kichekesho, na wasikilizaji hucheka. Mimi nadhani idadi hiyo ni ya haki kwa mizinga, kwa kuwa ni mizinga ndiyo iliyofanya kazi dakika 38. Kwa mwanamke wa mjini ambaye mumewe au mwanawe alikuwa ndani ya jumba lile, saa tatu na dakika 40 haikuwa mwisho wa jambo lo lote. Ndiyo kwanza ameanza kutafuta.

Khalid mwenyewe alitoroka, akakimbilia nyumba ya balozi wa Ujerumani. Alikaa humo mpaka tarehe 2 Oktoba, ndipo Wajerumani wakamtoa kwa njia ya bahari wakati maji yamejaa, wakampeleka Dar es Salaam. Huko aliishi mpaka Waingereza walipomkamata mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza. Walimpeleka Seychelles na St Helena, na mwishowe wakamruhusu arudi Afrika ya Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Vita vyake, ukivihesabu kwa umri wake, vilidumu miaka 31. Alasiri ya siku ile ile ya vita Waingereza walimtawaza Hamoud bin Mohammed, naye mwaka uliofuata alitoa amri ya kuondoa utumwa usitambuliwe tena na sheria. Yuko anayevikumbuka vita vile kwa amri hiyo, na yuko anayevikumbuka kwa sababu tangu siku ile hakuna Sultani aliyekalia kiti bila idhini ya balozi. Na wote wawili wasema kweli.

Mwaka ule ule wa 1927, katika mwezi wa Desemba, mlima mpya ulitokeza kichwa chake juu ya maji pale Krakatoa ilipokuwa. Wenyeji wakauita Anak Krakatau, maana yake Mtoto wa Krakatoa. Mtoto huyo naye ana nguvu: tarehe 22 Desemba 2018 ubavu wake uliporomoka baharini, wimbi likapiga pwani, na watu zaidi ya 400 wakafa.

Lile jumba la Beit al-Ajaib lilijengwa mwaka 1883, mwaka wa Krakatoa. Mwaka 1896 halikubomoka kama jumba lililokuwa jirani yake, ila mnara wa taa uliosimama mbele yake uliharibika. Mwaka 1897 mnara mpya ukajengwa ukashikamana na uso wa jumba, ukawekwa saa kubwa, na watu wa mji wakawa wakitazama saa zao hapo kwa zaidi ya miaka mia. Sehemu ya mbele ya jumba pamoja na mnara huo iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, na watu wawili wakapoteza maisha. Mwenye kuweka daftari la tarehe na aiandike hiyo chini ya mwezi wa Desemba.