Kabla ya Ampuli Nyeupe, Tazama Ukuta

Ukitoka mtaa wa Panzi, hapa Bukavu, saa mbili za usiku kuelekea Nyantende, taa za mji unaziacha nyuma, na kinachobaki ni mwanga wa gari lako mwenyewe. Siyo ajabu basi kwamba wenye magari wamechoka na ule mwanga wa manjano wa ampuli za zamani. Wanamwendea fundi wamwambie atoe hizo, atie nyeupe, za LED au za xenon. Nawaelewa. Anayeshika usukani usiku kwenye kona zenye tope anataka kuona. Ila kabla hajatoa pesa, ningemwomba aangalie jambo moja: mwanga alio nao sasa unaelekea wapi?

Magari mengi tunayotumia Bukavu yalitengenezwa Japani, na usukani wake uko kulia. Japani wanapita kushoto mwa barabara, kama Tanzania, Kenya na Uganda. Sisi Kongo tunapita kulia, kama Rwanda na Burundi. Watu hudhani tofauti hiyo inaishia kwenye usukani, kumbe iko hata ndani ya taa. Taa ikishushwa haimwagi mwanga ovyo. Kwa juu mwanga wake umekatwa: upande wanakotokea wenzako umelala bapa, na upande wa ukingo wako unapanda kwa nyuzi 15 hivi, ili umwone mapema anayetembea kwa miguu. Kwenye gari la Japani, upande unaopanda ni wa kushoto. Hapa kwetu kushoto ndiko wanakotokea wanaokuja. Kwa hiyo wao wanapigwa machoni, na ukingo wa kulia, wanakopita watu, unabaki na giza.

Nililithibitisha usiku mmoja kwa kusimamisha gari mita 10 mbele ya ukuta na kushusha taa. Mstari wa mwanga ulitoka kulia umenyooka, ulipofika katikati ukaanza kupanda kushoto kama njia ya kilimani. Nilikuwa nimeendesha hivyo miaka mingi bila kujua, na ampuli zangu zilikuwa za kawaida kabisa.

Sasa weka ampuli kali zaidi ndani ya taa kama hiyo. Ampuli ya halojeni ya aina ya H4 hutumia wati 55 taa ikishushwa na wati 60 ikiinuliwa. Ndani yake mna nyuzi mbili, na chini ya ule wa taa ya kushushwa kuna kibati kidogo kinachokata mwanga usipande. Kioo chote cha taa kimepigiwa hesabu kulingana na mahali uzi huo ulipo. Ukipachika LED au xenon ambayo chanzo chake cha mwanga hakikai pale pale, mwanga unatawanyika juu. Ndiyo maana Ujerumani iliruhusu LED ndani ya taa za halojeni mwaka 2020 tu, tena kwa ampuli zilizopimwa na magari yaliyoorodheshwa. Na zile halojeni zilizopakwa rangi ya buluu hupata weupe kwa kuzuia sehemu ya mwanga wake zenyewe: rangi inapendeza, mwanga unapungua.

Dawa zipo, na nyingi ni rahisi kuliko ampuli. Safisha tope, kisha sugua kioo cha plastiki kilichogeuka manjano. Mwambie fundi wa umeme akague nyaya, hasa waya unaofungwa kwenye bodi ya gari: volti zikipungua asilimia 10 zinapofika kwenye ampuli, mwanga hupungua karibu asilimia 30. Tafuta taa za gari la aina hiyo hiyo zilizotengenezwa kwa nchi zinazopita kulia. Zisipopatikana, fanya kama madereva wa Uingereza wanaovuka kwenda Ufaransa: hubandika vibandiko kwenye kioo cha taa kuziba ile sehemu inayopanda. Halafu rudi ukutani: kwa mita 10, mstari uwe chini ya kimo cha taa kwa sentimita 10 hivi. Lipime gari likiwa na mzigo wake wa kawaida, kwa sababu likijazwa nyuma, pua huinuka na mwanga huinuka nayo.

Nasisitiza haya kwa ajili ya mtu mmoja ninayekutana naye karibu kila alfajiri: mama anayepeleka mzigo sokoni Bukavu, mkanda ukimbana kipaji, mgongo umeinama, macho yakitazama chini. Hawezi kugeuka haraka. Gari linapompofusha motari, yaani dereva wa pikipiki, anayekuja, motari hukimbilia ukingo wake, na kwenye ukingo huo ndipo mama huyo anapopita. Dereva aliyelipia mwanga mweupe ameshapita, na hajui aliyoyaacha nyuma. Kupima taa ukutani kunachukua robo saa. Tumpe mama huyo hiyo robo saa, ndipo tuulizane bei ya ampuli.