Shimo la mchezo na shimo la kweli

Kila sifa njema ni zake Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.).

Wazazi wengi hapa Kolandoto hutuuliza iwapo michezo ya video ni halali kwa watoto. Swali hilo ni jema, lakini tutangulize jingine: mchezo wenyewe unamfundisha nini mtoto?

Tuuchukue Minecraft, mchezo wa Sweden uliotoka rasmi mwaka 2011, ambao hadi 2023 ulikuwa umeuza nakala zaidi ya milioni 300. Humo mtoto hukata miti, huchimba ardhi na kuokota dhahabu na almasi. Sisi twaijua dhahabu ya Geita na almasi ya jirani zetu wa Mwadui. Basi tunalo la kuwaambia wanetu.

Mchimbaji wa mchezoni akifa, huanza upya. Katika maduara yetu, aliyefukiwa na kifusi harejei. Dhahabu ya mchezoni haina zebaki. Ya huku hukamatwa kwa zebaki, nayo ikichomwa mvuke wake hudhuru ubongo na mishipa ya fahamu, hasa ya watoto. Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilieleza habari za watoto wafanyao kazi hiyo katika machimbo ya Tanzania, Geita ikiwamo.

Hata hivyo, mchezo huo una kheri ndani yake. Mti ukikatwa, majani yake huweza kudondosha mche, na ukipandwa huota mti mwingine. Mtume (s.a.w.) ametuhimiza tuupande mche ulio mkononi hata Kiyama kikiwa kimewadia. Shinyanga yetu ni shahidi. Misitu ilifyekwa ili kuangamiza mbung'o na kupata mashamba ya pamba, ardhi ikabaki tupu. Mradi wa HASHI, ulioanza mwaka 1986, ukahuisha desturi ya Wasukuma ya kutenga ngitili, na zaidi ya hekta 300,000 zikarejea uoto wake.

Basi wazazi wenzetu, kumnyang'anya mtoto simu kwa hasira hakutoshi. Adhana ikisikika, simu izimwe. Baada ya hapo keti naye, umuulize: shimo hili atalifukia nani? Kisha mpe mche wa kweli aumwagilie. Ardhi ni amana, na Mola wetu ametukataza kuiharibu. Asiyefunzwa hayo nyumbani, atafunzwa na duara.

Wabillahi tawfiq.