Mama anayenyonyesha: nani amsaidie, na kwa lipi?

Kila mjamzito anayekuja kliniki huambiwa: mpe mtoto maziwa yako tu kwa miezi 6 ya mwanzo. Anaitikia, na nia anayo. Kisha anajifungua na kurudi nyumbani Msimbati, Kilambo au Mahurunga. Siku ya tatu matiti yamejaa na yanauma, mtoto analia usiku kucha, na jirani anasema, "Hana maziwa huyo, mpeni uji mwepesi." Hapo ndipo mama anahitaji watu, na kila mtu ana sehemu yake.

Muuguzi na mkunga

Mtoto anyonye ndani ya saa 1 baada ya kuzaliwa. Maziwa ya kwanza, yale ya njano, usiyakamue ukayamwaga, kwani yanamkinga mtoto na maradhi. Kabla ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, mwombe muuguzi akutazame ukinyonyesha. Mtoto ameshika titi vizuri kama amefungua mdomo sana, kidevu kinagusa titi, na mdomo wa chini umegeukia nje. Chuchu zikichanika, mara nyingi ni kwa sababu hajashika vizuri. Rudi tukuelekeze, usisubiri tarehe ya kliniki.

Njoo siku hiyo hiyo ukiona:
- titi ni jekundu, gumu na lina maumivu, au una homa
- mtoto hataki kunyonya, amelegea au ana homa
- mtoto aliyepita wiki 1 anakojoa chini ya mara 6 kwa siku.

Kama unaishi na VVU, endelea na dawa zako kila siku na unyonyeshe kwa kufuata ushauri wa kliniki.

Ukiwa mbali na zahanati, mtafute mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kijijini kwako. Anaweza kukutembelea nyumbani na kukwambia lini uje kwetu.

Bibi, mama mkwe na kungwi

Ninyi ndio mnaokaa na mama usiku, na neno lenu lina uzito kuliko letu. Wakati wa joto wengi husema mtoto ana kiu. Lakini zaidi ya asilimia 80 ya maziwa ya mama ni maji, hivyo yanamtosha hata kwenye joto la pwani. Maji ya kisima yanaweza kumharisha. Tena tumbo likijaa maji, mtoto hunyonya kidogo, na titi lisiponyonywa hupunguza maziwa. Hivyo maji yaliyotolewa kwa huruma huishia kupunguza maziwa ya mama. Mpikieni, mfulieni, mpokeeni mtoto akishanyonya ili mama alale.

Baba

Msimu wa korosho ukifika, au kazi ya mpunga bondeni Ruvuma, mama asiachwe achague kati ya shamba na mtoto. Mtoto aende naye, na mtu wa kumshika kivulini awepo. Ikishindikana, mama akamue maziwa kwenye chombo safi chenye mfuniko, kiwekwe mahali pa baridi, na mtoto anyweshwe kwa kikombe ndani ya saa 4. Chupa ni ngumu kuisafisha. Ndoo za maji na kuni abebe mwingine.

Mwajiri

Kama umeajiriwa, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakupa likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 ukijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Ukirudi kazini, mwajiri anatakiwa kukuruhusu kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku ndani ya muda wa kazi.

Usingoje shida ndipo utafute watu. Ukiwa bado mjamzito, chagua wawili: mmoja wa kukusaidia usiku, mwingine wa kukusindikiza zahanati. Njoo nao kliniki, wasikie maelezo pamoja nawe.