Mjue Utitiri Kabla ya Kumleta Mlaji Wake

Jani la pilipili hoho likianza kuwa na vidoadoa vya manjano, ligeuze. Mara nyingi upande wa chini una utando mwembamba, na ndani yake utitiri wanafyonza utomvu. Katika vivungulio vya Mwiki, Ruiru na Thika, joto lililofungiwa ndani huwafanya wazaane upesi. Mkulima hukimbilia agrovet. Dawa huua wengi, lakini wanaosalia ni wenye usugu, na ndio wanaozaa kizazi kijacho.

Kuna mlaji wao. Phytoseiulus persimilis ni utitiri wa rangi ya chungwa, naye hali mmea kamwe: akikosa mawindo, hufa njaa juu ya jani bichi. Wakulima humwita mdudu, ingawa kwa miguu yake minane yuko karibu zaidi na buibui. Jike mmoja hula hata mayai 20 kwa siku. Real IPM, kampuni iliyoanzishwa Thika, imewazalisha walaji wa aina hii kwa ajili ya mashamba ya maua na mboga. Hutawanywa mapema, utitiri wanapoonekana kwenye majani machache tu, na mkulima akinyunyiza dawa kali wiki hiyohiyo ameua askari wake mwenyewe.

Ila mlaji huyu ni mchaguzi, na kosa la kutomjua adui vizuri lina historia ndefu Thika.

Mwaka 1923 mikahawa ya huko ilivamiwa na vidung'ata. Kwa miaka mingi walidhaniwa kuwa spishi inayojulikana Asia, hivyo maadui zao wakatafutwa huko, na waliopatikana hawakufaa. Mwaka 1935 mtaalamu wa wadudu Le Pelley alionyesha kwamba ni spishi tofauti, akaipa jina la kenyae. Kumbe asili yake ilikuwa jirani tu, Uganda! Mwaka 1938 nyigu wadogo wanaotaga ndani ya vidung'ata hao waliletwa kutoka Uganda, na janga likapungua. Muda wote uliotangulia ulipotea kwa jina lisilo sahihi.

Nyanya za leo zina mtego uleule. Zinashambuliwa na Tetranychus evansi, utitiri mwenye asili ya Amerika Kusini, na persimilis hamwezi. Isitoshe, vinyweleo vinavyonata vya mnyanya humkwamisha anapotembea. Watafiti wa icipe, kituo cha utafiti wa wadudu kilichoko Kasarani, jirani kabisa na Mwiki, walimgeukia Phytoseiulus longipes kutoka Brazili, ambaye humla evansi vizuri.

Rangi nyekundu ya evansi haitoshi kumtofautisha na utitiri wa kawaida, maana hao nao huweza kuwa wekundu. Picha ya simu haisaidii. Wataalamu huweka dume chini ya hadubini na kuchunguza umbo la kiungo chake cha uzazi, kwa hiyo majani machache yenye utitiri hai, yakifungwa vizuri na kupelekwa icipe au kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO kilichoko Kandara, ndiyo safari ya kwanza kabla ya kuagiza mlaji yeyote.