Majina kwenye mfuko wa mbolea yana maana gani?

Mkulima wa Kingolwira anayetafuta mbolea ya kukuzia mahindi hukuta dukani SA, CAN na Urea. Wengi wetu huchagua kwa bei. Leo tunaeleza majina hayo, kwa sababu ukiyaelewa hutapoteza mbolea uliyoilipia.

SA ni salfeti ya amonia. Ikiyeyuka katika maji ya udongoni hugawanyika vipande vidogo mno vyenye chaji ya umeme. Vipande hivyo huitwa ioni. Amoniamu ina chaji chanya, salfeti ina chaji hasi.

Angalia mwisho wa jina. Salfeti, nitreti na fosfeti huishia na "-eti": ndani yake mna oksijeni. Kloraidi, iliyomo kwenye chumvi ya mezani, huishia na "-aidi": hiyo ni klorini peke yake.

Shambani tofauti ni hii: udongo wa mfinyanzi una chaji hasi, hivyo huishika amoniamu. Nitreti haushiki, na mvua kubwa ya masika huishusha chini kuliko mizizi. CAN ina amoniamu na nitreti pamoja. Ndiyo maana tunashauri uigawe mara mbili, usiiweke yote siku moja mvua kubwa ikikaribia.

Unaweza kuitambua amoniamu nyumbani. Nje penye hewa, changanya kijiko cha SA au CAN na kijiko cha majivu ya kuni kwenye kopo kuukuu, tia maji kidogo. Usiinamie kopo; punga hewa kwa mkono ije puani. Harufu kali kama ya mkojo uliolala ni gesi ya amonia. Chumvi haitoi harufu hiyo. Urea nayo haitoi papo hapo, kwa kuwa hugeuka amoniamu baadaye udongoni. Shuleni wanafunzi hutumia sodiamu haidroksaidi badala ya majivu, na litmasi nyekundu hugeuka bluu.

Jaribio hili halipimi kiasi cha mbolea, ila lina funzo kubwa. Harufu ile ni naitrojeni inayotoroka. Mfuko wa SA wa kilo 50 una naitrojeni asilimia 21, yaani kilo 10.5. Basi usichanganye SA, CAN wala DAP na majivu au chokaa. Chokaa itangulie wiki kadhaa.

Mbolea ya SA au CAN isipotoa harufu kabisa, tunza mfuko na risiti, umwone afisa ugani wa kata.