Kijiko cha zamani: kufufua, kununua kingine au kukodi?

Anayekuuzia kijiko kilicholala miaka mingi atataja bei inayokaribia ya chuma chakavu, nawe papo hapo utaanza kupiga hesabu za misingi, mitaro na mashimo ya vyoo utakayochimba. Tulia kwanza. Bei hiyo mara nyingi ndiyo gharama ndogo kuliko zote zinazofuata, na wanaoumia zaidi ni wale waliokuta injini nzima wakadhani kazi imekwisha.

Tuchukue JCB 3CX, mashine ya Kiingereza iliyotoka 1980. Zile za miaka ya mwanzo zilifungwa injini ya Perkins 4.236: silinda nne, lita 3.9, pampu ya dizeli ya CAV, hakuna kompyuta wala sensa. Familia hiyo ya injini iliingia pia kwenye baadhi ya trekta za Massey Ferguson, kwa hiyo ringi, metali, gasketi na nozeli ulizia kwanza kwenye maduka ya spea za trekta kabla ya kufikiria kuagiza nje. Soma namba ya injini kabla hujatoa pesa yoyote. Ikianza na LD ni 4.236 ya kawaida. Ikianza na LJ ni yenye turbo. Ukimpa muuza spea herufi hizo hatakubahatishia.

Usiruhusu mtu apige stata siku ya kwanza. Toa nozeli zote nne, mimina oili nyepesi kidogo kwenye kila silinda, acha siku mbili tatu, kisha zungusha injini taratibu kwa spana kwenye boliti ya puli ya mbele. Ikimaliza mizunguko miwili bila kukwama, endelea: safisha tanki, badilisha filta, mwaga oili ya zamani, toa hewa kwenye mfumo wa dizeli, funga betri mpya ya volti 12. Gharama ya hapo haipishani sana na sevisi kubwa ya lori. Ikigoma, ujue unanunua injini ya kufunguliwa, na bei ishuke kwa kiasi hicho. Kitu kinachoweza kupandisha bili upande huu ni pampu ya CAV iliyoingia maji. Hiyo ipelekwe kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Kuvuta kijiko kwa trekta ili kiwake hakusaidii, maana giaboksi yake hupokea nguvu kupitia mafuta.

Haidroliki ndiyo inayokula pesa. Kila shafti ya jeki iliyobaki nje miaka yote hiyo imepigwa na mvua, na kutu huchimba vishimo vidogo kwenye kromu. Chukua kitambaa chenye dizeli, ifute shafti, kisha pitisha ukucha taratibu kutoka juu hadi chini. Ukucha ukikwama, sili mpya utakayofunga itachanwa na vishimo hivyo baada ya muda mfupi, na utakuwa umelipa fundi, oili na sili bure. Shafti kama hiyo inahitaji kuchongwa na kupakwa kromu upya, au kubadilishwa kabisa. Hesabu zote: mkono wa mbele, ndoo ya mbele, mikono ya nyuma, jeki mbili za kugeuza na miguu ya kusimamia. Kijiko chenye shafti tatu zilizoliwa kinaweza kukugharimu kuliko chenye injini iliyokufa, na hapo mimi ningeondoka.

Baadaye shika ndoo ya nyuma ikiwa juu kidogo ya ardhi uisukume kulia na kushoto. Mchezo mdogo ni pini na bushi, kazi ya kawaida. Mchezo mkubwa maana yake matundu yenyewe yamekuwa mviringo wa yai, yajazwe kwa kuchomelea na kuchongwa upya. Mipira ya haidroliki iliyopasuka isikutishe, inabanwa mjini kwa vipimo vyako. Ila usitafute uvujaji kwa kiganja injini ikiwaka. Mafuta yenye presha hupenya ngozi. Tumia kipande cha boksi.

Breki zina mtego wao. 3CX hutumia mafuta ya madini kwenye breki, siyo maji ya breki ya magari. Chupa moja isiyo sahihi huvimbisha sili za mfumo mzima, na kosa la bei ya chai linakuwa ukarabati. Mwangalie fundi anachomimina.

Kwenye spea, sili, filta na vifaa vya pampu nunua vya asili hata kama bei inauma. Pini, bushi, meno ya ndoo na mipira vya kampuni nyingine vinafaa. Vya mtumba chukua alteneta, tanki, viti na mabati. Pampu ya haidroliki ya mtumba usiiguse kama haijapimwa presha mbele yako.

Halafu karatasi. Mashine nyingi ziliingia nchini kwa msamaha wa ushuru kwa ajili ya miradi ya barabara. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kitu kilichosamehewa kikihamia kwa mtu asiye na msamaha, ushuru unadaiwa. Omba kadi ya usajili na nyaraka za forodha, uzihakiki mamlaka ya mapato kabla ya kulipa arubuni.

Kijiko cha mtumba kutoka Uingereza au Dubai kitakuja na meli, ushuru na gharama za bandari, lakini unaweza kukiona kikichimba kabla ya kulipa. Kukodi hakuna mzigo wowote zaidi ya bei ya siku. Linganisha hivi, kwa mfano tu: tuseme kununua na kufufua vinafika shilingi milioni 42, kukodi siku moja pamoja na dereva na dizeli ni 600,000, na ukiwa na chako utatumia 250,000 kwa dereva, dizeli na oili. Kila siku ya kazi unaokoa 350,000, hivyo utahitaji siku 120 kurudisha pesa yako. Kama una kazi ya msimu mmoja, kodi. Kama una kokoto au mitaro ya mwaka mzima na shafti zimepita mtihani wa ukucha, fufua. Kwenye hizo siku 120 zinaingia siku za kuchimba peke yake. Zile ambazo kijiko kimesimama kinasubiri sili hazihesabiwi.